Sura ya Saba: Vipepeo vya Mount Gilead

Jumatatu asubuhi Bernadine Loftis aliketi peke yake benchi la nne la kanisa la Mount Gilead, akijipepea kwa ushahidi.

Oktoba ilikuwa imeingia Alabama, ila joto lilikuwa halijapata habari. Hata hivyo hakujipepea kwa sababu ya joto. Alitaka kujua mtu aliyekishika kipepeo kile cha mkono Jumapili, katikati ya mahubiri, mkono wake ulihisi nini kabla macho hayajaiona picha.

Kilikuwa kipepeo cha kanisani kama alivyovijua tangu utoto: karatasi ngumu, mpini wa kijiti, na nyuma yake jina la nyumba ya mazishi iliyokitoa. Balaa ilikuwa upande wa mbele. Hapo alionekana Thaddeus Grier, seneta wa jimbo, mtu mweusi, mgombea ugavana wa chama cha Democrat, ameinama kando ya kitanda na kuushika mkono wa mzee wa kizungu aliyelala. Mzee huyo alikuwa Lamar Pruitt, sherifu wa Kaunti ya Harlow miaka ile ambapo waandamanaji weusi walitawanywa kwa mbwa na virungu. Chini ya picha yalipigwa chapa maneno machache: YEYE AMESAHAU. WEWE JE?

Na nyuma: Kwa hisani ya Tarpley na Wana, Nyumba ya Mazishi.

Jumapili vipepeo hivyo vilikutwa katika makanisa matatu ya watu weusi mjini Pickard, vimepangwa vizuri nyuma ya mabenchi, mahali pa vipepeo vya siku zote. Ibada ilipokwisha, watu waliokuwa wameapa kumpigia Grier kura walitoka wakisema siku ya uchaguzi watalala. Jioni jiwe likapita katika dirisha la Tarpley. Tarpley ni mzungu, ni Republican, na bango la Stroud, mpinzani wa Grier, limesimama uani kwake tangu Agosti.

"Kwa hiyo tumemaliza," alisema Phil Dunaway, akiwa amesimama mlangoni na saa yake mkononi. Dunaway alikuwa meneja wa kampeni ya Grier, kijana wa kizungu kutoka Montgomery, mji mkuu wa jimbo, mwenye haraka ya mtu aliyeacha chungu jikoni. "Jina liko nyuma ya kipepeo, Bi Loftis. Saa kumi Seneta anasimama kwenye ngazi za mahakama, mbele ya televisheni. Atasema picha ni ya kubandika, waliofanya ni akina Tarpley, na wewe, mpelelezi wa polisi wa jimbo kwa maisha yako yote, utasimama pembeni na kuitikia kwa kichwa."

"Mimi siitikii kwa kichwa bure. Uliniajiri nitafute mtu."

"Nimekuajiri unithibitishie mtu. Hesabu ya jimbo hili hata mtoto anaijua. Weusi wote watoke nyumbani, na wazungu watatu katika kila kumi watupe kura. Wakikosa hawa, tumekwisha. Wakikosa wale, tumekwisha."

Bernadine alikitazama kipepeo. Jambo moja lilikuwa linamwasha tangu jana, nalo halikuhusu Tarpley. Mtu aliyesingiziwa picha, swali lake la kwanza huwa ilipigwa wapi. Dunaway hakuwa ameuliza.

"Saa kumi nitakuwepo," alisema. "Sasa nipishe, nina mtu wa kuzungumza naye."

Mtu huyo alikuwa Mama Idella Sims, mkuu wa kina mama wa kanisa, wale wanaokaa benchi la mbele na nguo nyeupe na ambao hata mchungaji huwaangalia kabla ya kupandisha sauti. Alikuja na pai ya viazi vitamu chini ya kitambaa, kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kuingia mahali.

"Mama Idella, Jumapili kulikuwa na mgeni humu?"

"Mmoja. Kabinti ka kizungu, kanasoma chuo huko Tuscaloosa. Kalikuja kusikiliza kwaya."

"Alisimama?"

Mama Idella alimtazama kama aliyeuliza kama maji huloanisha. "Wewe mtoto umekaa sana na polisi. Nani anaingia humu akakosa kusimama? Alisimama, akasema jina lake na la kanisa lao na la mchungaji wao, tukampigia makofi, nikamkalisha pembeni yangu mpaka mwisho. Hata chooni nilimsindikiza, maana mlango wetu una kigugumizi."

"Na Jumamosi? Kati ya wiki?"

"Ijumaa kwaya ilifanya mazoezi. Vipepeo vilikuwa vile vile vya Bascombe, mzishi wetu, vyenye picha ya Yesu na kondoo. Jumamosi wahudumu wa mlangoni, wale wa glavu nyeupe, walifagia. Hakuna mzungu aliyekanyaga hapa, Bernadine. Angekanyaga, kufikia saa sita mchana ningeambiwa mpaka rangi ya soksi zake."

Bernadine alicheka. Ni kweli. Katika makanisa haya mgeni hajifichi, atasimamishwa na kukaribishwa mpaka ajute. Na vipepeo viliingia makanisa matatu, vya zamani vikatoka, na hakuna aliyeona.

"Wewe ulikishika?"

"Nilijipepea nacho nusu ya mahubiri kabla ya kukiangalia. Mungu anisamehe, kilikuwa kinashikika vizuri." Mama Idella akasikitika. "Ni kweli, Bernadine? Ile picha?"

"Bado sijui, mama."

"Basi jua upesi. Mimi nilipigwa na watu wa Pruitt kwenye ngazi za mahakama ile ile, nikiwa na mimba ya mwanangu Curtis. Nataka kumpigia Thaddeus kura. Lakini siwezi nikiwa sijui."

Emmett Tarpley alikuwa anafagia vioo barazani. Dirisha kubwa la mbele lilizibwa kwa ubao, na ndani nyumba ilinuka maua na dawa ya mbao. Alipomwona Bernadine aliegemeza ufagio ukutani, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Bi Bernadine. Umekuja kunikamata?"

"Sina tena beji ya kukamatia, Bwana Tarpley. Nimekuja kuuliza."

"Uliza. Polisi hawakuuliza. Walitazama kioo, wakaniambia niliyataka mwenyewe kwa lile bango." Alinyosha kidole juu. "Wajukuu wangu walikuwa wanalala chumba kile. Usiku kucha wamelala sakafuni korido, na asubuhi mama yao kawapeleka kwa dada yake mjini Mobile. Yule mdogo kaniuliza tumemfanyia nani nini. Ningemjibu nini?"

Bernadine alimwonea huruma, akaiweka huruma hiyo kando ili aweze kufanya kazi.

"Utampigia Stroud?"

"Nitampigia Stroud, na Grier simpigii, silifichi hilo. Zamani nilikuwa Democrat. Sote tulikuwa. Pruitt mwenyewe alikuwa Democrat wa kutupwa, na mzee Bascombe, baba yake huyu Rutherford anayezika watu wenu, alikuwa Republican kwa heshima ya Lincoln aliyewakomboa watumwa. Siku hizi tumebadilishana viti, kila mtu anadai kiti ni cha babu yake. Lakini vipepeo? Bi Bernadine, mimi sijatoa kipepeo tangu makanisa yetu yaweke viyoyozi. Natoa kalenda."

"Hata kimoja hukubakiza?"

Tarpley alifikiri, akaingia nyuma, akarudi akipuliza vumbi kwenye kipepeo cha kale chenye picha ya bustani. Bernadine alikipokea kwa mkono wa kulia huku cha Jumapili kikiwa mkono wa kushoto. Papo hapo akavuta pumzi. Kibanzi kilikuwa kimemwingia kidoleni.

"Samahani," alisema Tarpley. "Vijiti vyetu vilikuwa vya bei rahisi. Vinatoka kiwandani hivyo hivyo."

Bernadine alikitoa kibanzi kwa meno. Kisha akafumba macho, akapitisha kidole gumba kwenye mpini wa kushoto, juu mpaka chini. Ulikuwa laini kila mahali. Pembe zote nne zilikuwa zimeondolewa, na ncha ya chini ilikuwa imeviringwa, hata penye pini za stepla palikuwa pamegongwa pakalala. Mtu alikuwa amekaa na kijiti hiki na msasa. Na si hiki tu, alivishika vingi jana na vyote vilikuwa hivi hivi.

"Bwana Tarpley, wahudumu wa makanisa yenu huvaa glavu?"

"Glavu? Za nini?"

"Basi," alisema Bernadine. "Umenisaidia."

Nyumba ya mazishi ya Bascombe iko mtaa huo huo, upande wa pili wa reli. Maisha yake yote Bernadine hakuwahi kusikia mtu mweusi aliyezikwa na Tarpley, wala mzungu aliyezikwa na Bascombe. Shule zilichanganywa kwa amri ya mahakama, hoteli zikachanganywa, lakini maiti hawakupata amri. Ndiyo maana jina la Tarpley kwenye benchi la Mount Gilead lilipiga kelele kiasi kile, na ndiyo maana kila mtu alilitazama jina akasahau kuutazama mpini.

Alipitia mlango wa nyuma, kama watu wa nyumbani. Rutherford Bascombe alikuwa amevua koti, amekunja mikono ya shati jeupe, anapiga msasa. Mbele yake palikuwa na lundo la vijiti na picha za Yesu na kondoo. Alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusema na waliofiwa. Yeye ndiye aliyemzika mama yake Bernadine, na siku ile alimshika kiwiko kutoka mlangoni mpaka kaburini bila kusema neno. Bernadine hakuwa amelisahau.

"Dada Loftis. Karibu. Chai ya barafu ipo."

"Nitakunywa baadaye, Kaka Bascombe." Aliweka mezani vipepeo viwili, cha Tarpley na cha Jumapili. "Shika hiki."

Alikishika cha Tarpley, akakunja uso. "Hiki si cha kumpa mtu."

"Kwa nini?"

"Kingechana glavu za wahudumu. Dada Idella Sims, enzi zake za kuhudumu mlangoni, alichanika siku ya Pasaka, glavu mpya, damu juu ya nyeupe. Baba aliapa haitatokea tena. Hakuna kijiti kinachotoka hapa bila..."

Bernadine alikisogeza kile cha pili. Bascombe hakukigusa.

Kila mwezi mtu huyu huingia makanisa yote matatu na boksi begani. Hutoa vipepeo vilivyochakaa, huweka vipya, akajiondokea. Watu humsalimu huku wakiendelea na mazungumzo yao. Paka wa nyumba haingwa.

"Nani kakuambia?" aliuliza hatimaye.

"Mikono yako. Ulitaka kuwaumiza watu moyo, ila vidole vyao hukuweza."

Bascombe aliuweka msasa chini taratibu, akaufuta unga wa mbao mezani kwa kiganja. Hakuonekana kuogopa.

"Picha ni ya kweli," alisema. "Kabla hujauliza."

"Nani aliipiga?"

"Charlene, binti wa dada yangu. Anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee ya kaunti. Yeye ndiye anayemwogesha Pruitt kila asubuhi, na Pruitt humwita kwa jina la mbwa wake wa zamani. Siku hiyo walikuja Grier na huyo kijana wa Montgomery, wakafunga pazia la upande wa barabara. La upande wa korido wakalisahau. Unajua walifuata nini?"

"Wazungu watatu katika kumi."

"Kumbe unajua. Ukoo wa Pruitt umejaa kaunti nne, na bado wanamsikiliza. Grier alimwomba neno moja tu la kumuunga mkono. Akaushika mkono ule." Sauti ya Bascombe ilibaki ya upole, na hilo ndilo lililotisha. "Mkono ule ulimpiga kaka yangu Nathaniel mpaka akafa, Dada Loftis. Kosa lake alikuwa anaandikisha watu kupiga kura. Baba alimwosha mwanawe juu ya meza iliyo nyuma yako, na mimi nilishika beseni. Mpaka leo nikisikia maji yanamwagika naisikia meza ile."

Bernadine hakugeuka kuitazama meza.

"Basi ungesema," alisema. "Ungesimama kanisani ukaonyesha picha. Kwa nini jina la Tarpley?"

"Ningesimama mimi, wangesema Rutherford ana kidonda chake cha zamani, mwacheni. Nilitaka Grier aseme." Alivuta droo, akatoa kikopo kidogo cheusi cha filamu, akakiweka kati ya vile vipepeo viwili. "Kipepeo chenye jina la mzungu kinampa mlango wa kutokea. Anaweza kusema ni uongo wa wazungu, na kila mtu atamwamini, hata mimi ningependa kumwamini. Akiupita mlango huo leo saa kumi, kesho natoa filamu hii gazetini. Asipoupita, nampigia kura, na watu wangu wote nawabeba kwa magari yangu mpaka kituoni. Nilitaka kujua tunampeleka nani Montgomery. Basi."

"Na ukitoa filamu, Stroud ameshinda."

"Stroud namjua. Hajanidanganya hata siku moja."

Ulikuwa mtego safi, na Bernadine, aliyetega yake mingi, aliona aibu kwamba anausifu moyoni. Akakinyosha kidole chake penye alama ya kibanzi.

"Kaka Bascombe. Kioo cha Tarpley kimevunjwa jana. Wajukuu zake wamelala sakafuni."

Mzee aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza uso wake ulipoteza mpangilio.

"Mawe sikuyafikiria."

"Hapana."

"Kioo nitalipa."

"Kioo si shida. Yule mdogo kauliza wamemfanyia nani nini. Wewe uliuliza swali hilo hilo humu, umeshika beseni la Nathaniel."

Bascombe alikaa. Aliishusha mikono ya shati lake, mmoja baada ya mwingine, akafunga vifungo kama anayejiandaa kwa ibada. Mwishowe alisema hajawahi kuingia kwa Tarpley kwa mlango wa mbele.

"Leo umezibwa kwa ubao," alisema Bernadine. "Itabidi ugonge kwa nguvu."

Kabla ya saa kumi uwanja wa mahakama ulikuwa umejaa. Kina mama wa Mount Gilead walikuwa wamepewa viti vya mbele, kwa heshima na kwa kamera, na joto liliwafanya wajipepee kwa vipepeo vile vile vilivyowatukana. Grier alikuwa bado ndani ya gari lake. Dunaway alimfungulia Bernadine mlango wa nyuma.

"Mwambie ni Tarpley, twende."

"Si Tarpley," alisema Bernadine, akiketi kando ya mgombea. "Ukilitaja jina lake pale, Seneta, nami nitapanda ngazi nikukanushe."

"Bi Loftis!" Dunaway aliingiza kichwa. "Zimebaki wiki chache. Funika kombe mwanaharamu apite. Mla ni mla leo, huyo mzee Pruitt ni mla jana, nani atakumbuka..."

"Phil," alisema Grier. Alikuwa mtu mnene, macho yamechoka, karatasi ya hotuba imekunjwa gotini. "Basi ni nani?"

"Nitakuambia kesho. Sasa nina swali moja." Bernadine alimtazama usoni, kama alivyowatazama watu wengi katika vyumba visivyo na madirisha. "Mkono wa Pruitt ulikuwa wa moto au wa baridi?"

"Baridi," alisema Grier.

Neno lilikuwa limeshatoka. Dunaway aliufunga mlango wa gari kama aliyefunga mlango wa chumba cha maiti. Grier aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Alinikumbuka," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa kwenye maandamano. Alisema, 'Wewe ndiye yule mtoto wa kofia nyekundu.' Kisha akasema atafikiria. Nikatoka nikaenda kunawa, Bi Loftis, nikanawa tena. Nimeshindwa kujua nilikwenda pale kumsamehe au kumwomba."

"Hayo si ya kuniambia mimi," alisema Bernadine. "Mimi nimeajiriwa tu."

Hakumwambia habari ya filamu. Angeweza, na pengine haki ya mwajiri ilimtaka aseme. Lakini naye alitaka kujua.

Grier alipanda ngazi. Bernadine alisimama kando, akatafuta uwanjani, akampata Bascombe akiingia kutoka upande wa reli wa akina Tarpley, upande usio wake, koti jeusi limeshika unga wa kioo kwenye mikono. Nyuma yake kidogo, bila kuongozana naye na bila kumwacha, alikuja Emmett Tarpley. Watu waliwapisha wote wawili. Bascombe alisimama nyuma ya kiti cha Mama Idella, mkono mmoja mfukoni, na Bernadine alijua mkono huo umefumbata nini.

Mgombea aliweka karatasi mbele ya vipaza sauti. Aliisoma moyoni, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, huku kamera zikingoja na Dunaway akimwonyesha saa. Kisha akaipindua uso chini.

"Mkono wake ulikuwa baridi," alisema.

Uwanja mzima vipepeo vikaacha kupepea. Mama Idella alikilaza cha kwake mapajani, picha ikiangalia juu, akainamia mbele asikie. Na Rutherford Bascombe akautoa mkono mfukoni, ukiwa mtupu, akauweka juu ya mgongo wa kiti.